Fundi Nobue na Mlio wa Tatu

Nobue Mukaiyama alikuwa na sikio moja tu linalofanya kazi. La kulia lilikufa siku tairi la lori lilipompasukia, akiwa na miaka thelathini na miwili, na tangu hapo aliyetaka kuzungumza naye ilibidi azunguke upande wa kushoto, la sivyo alikuwa anazungumza na ukuta. Lakini hilo moja lililobaki, watu wa mji wa Iida, huko Japani, walilisifu sana. Walisema fundi huyu halipimi tairi kwa macho, hulisikiliza.

Na kweli alilisikiliza. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya mashamba ya matofaa, mahali ambapo mgeni asingefika ila kwa kuelekezwa, na waliofika wengi walikuwa watu wa magari ya kushushwa. Hao walitaka rimu pana, za inchi kumi, halafu wazivishe tairi jembamba lililotengenezwa kwa rimu ya inchi saba. Tairi likikubali, kuta zake hulala kuelekea ndani kama paa la nyumba, ukingo wa rimu hutokeza nje ukimeta, na gari laweza kushushwa hadi bodi ikaribie kuligusa gurudumu. Maduka makubwa ya mjini yalikataa kazi hiyo. Nobue aliikubali. Alipaka sabuni, akafungulia upepo mwingi, akasimama pembeni na kuinamisha kichwa. Tairi lina midomo miwili, wa nje na wa ndani. Hutambaa polepole juu ya rimu, inanyooka, inalia kama mlango wenye kutu, kisha mmoja unakaa: pa! Halafu wa pili: pa! Ni milio miwili tu. Ukisikia wa tatu, huenda waya wa chuma ulio ndani ya mdomo umekatika, na tairi la namna hiyo halifai kutoka kibandani.

Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja alikuja Haruhiko Tsuboi, mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, msambazaji wa mitungi ya gesi. Alikuja na Mark Two nyeupe ambayo alikuwa ameifunika turubai kwa miaka tisa, tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe. Rimu nne pana zilikuwa kwenye buti na kiti cha nyuma, na matairi mapya juu yake. Kiti cha mbele alikaa mama yake, Bi Fumie, bibi wa miaka themanini, amejifunga skafu ya zambarau. Siku hiyo wenzake wa zamani wa magari walikuwa wanakutana kwenye maegesho ya Bwawa la Oshide, juu mlimani, na alikuwa amemwahidi mama yake kumpeleka huko huko akaone majani ya vuli yalivyogeuka mekundu.

Bi Fumie alipewa ndoo ya kukalia. Alilitazama tairi likivalishwa, akaguna.

"Haruhiko, magurudumu yako yamenenepa, halafu nguo umeyanunulia za mtoto mchanga."

"Ndiyo mtindo, mama."

"Mtindo! Hata baba yako alikuwa na suruali ya kubana hivyo hivyo. Watu wakamcheka mtaa mzima. Nilikubali kuolewa naye kwa huruma tu."

Nobue alicheka huku anajaza upepo. Matairi matatu yalikaa bila ubishi. La nne ndilo lililokuwa na kiburi. Alilitoa upepo mara mbili, akalipaka sabuni upya, akalizungusha, akalijaza tena. Mdomo wa nje ukakaa, pa! Wakati ule ule Bi Fumie alikuwa ameanza kusimulia jinsi suruali ile ilivyomchanikia mumewe kwenye harusi ya binamu yake, na mwanawe anamwambia, "Mama, hiyo tumeisikia." Mdomo wa ndani nao ukakaa, pa! Nobue akafunga upepo, akapima, akafunga magurudumu yote manne, akakaza nati. Magurudumu ya zamani ya Haruhiko aliyapanga ukutani, akamwambia ayapitie jioni.

"Mama fundi, umenirudishia ujana," Haruhiko alisema, akainama kushukuru mara tatu. Gari likaondoka taratibu, chini kiasi kwamba lilipovuka mfereji wa barabarani ilibidi lipite kimshazari.

Ilikuwa kama robo saa baadaye, anafagia, alipousikia tena kichwani ule mlio wa mdomo wa ndani. Pa! Na nyuma yake, palipokuwa na sauti ya bibi inayozungumzia suruali, palikuwa na kitu kingine. Kidogo. Ti. Kama kucha inayogonga bakuli.

Alisimama na ufagio mkononi. Akajiambia ni spana iliyoanguka, lakini spana zote zilikuwa mahali pake. Akajiambia ni bibi aliyegonga ndoo, lakini ndoo ilikuwa ya plastiki. Akaketi pale pale kwenye saruji.

Sababu ni kwamba mlio ule aliwahi kuusikia. Miaka kumi na moja nyuma, mume wake, Sadao, ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa kibanda, naye Nobue, tayari mwenye sikio moja, msaidizi. Alikuja muuguzi mmoja msichana, Ruriko Shimojima, na kigari chake chekundu, akitaka matairi ya kuvutwa juu ya rimu pana kama ya mchumba wake. Tairi la mwisho lilipokaa, Nobue alisikia ti. Alimwambia mumewe, "Kuna mlio." Sadao akasikiliza, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akasema, "Hakuna kitu. Ni sabuni inapasuka." Siku tatu baadaye, kwenye kona ya mlimani, gari la Ruriko lilitoka barabarani, likaanguka bondeni, likawaka moto. Binti alikufa. Matairi yalikuwa yameungua yote na polisi hawakuweza kusema kilianza nini, tairi au usukani au usingizi wa mtu aliyetoka zamu. Hakuna aliyeshtakiwa. Kila mwaka, siku ile, Nobue alikwenda kusimama mbele ya mlango wa akina Shimojima na ubani mkononi, na kila mwaka mlango haukufunguliwa. Sadao hakugusa mashine tena. Alikwenda kufanya kazi kiwanda cha kufungasha miso, rojo la soya iliyochachushwa, akawa anarudi nyumbani haongei, na mwaka wa tatu moyo wake ulisimama akiwa anafunga kamba za viatu.

Nobue aliinuka, akapiga simu. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Haruhiko alikuwa mtu wa kufuata sheria, hakuwa na tabia ya kupokea simu akiendesha. Alipiga mara sita. Kisha akapakia jeki, spana ya nati na gurudumu moja la zamani kwenye kipikapu chake, akaondoka hata mlango wa kibanda hakuufunga.

Barabara ya Oshide ni nyembamba, upande mmoja jabali, upande wa pili korongo. Jumapili ile ilikuwa imejaa. Mbele yake lilikwenda basi la wastaafu, likipunguza mwendo kila palipokuwa na mti mwekundu ili wazee wapige picha. Nobue alipiga honi. Akapiga tena. Dereva wa basi akatoa mkono dirishani kumwashiria apoe, na mzee mmoja kwenye kioo cha nyuma akampungia akidhani anasalimiwa.

"Sogea!" alipiga kelele peke yake garini. "Sogea, nakuomba, sogea!"

Kila kona aliyofika alitazama kwanza chuma cha ukingoni kama kimepinda. Kona ile ya Ruriko alipita bila kupumua. Chuma kilikuwa kizima. Alijikuta anahesabu kwa sauti, kona ya kumi na tisa, ya ishirini, huku machozi yakimziba macho, anayafuta kwa mkono wenye sabuni iliyokauka na macho yanawasha zaidi. Hakumwomba Mungu wala mizimu. Alimwomba Sadao. "Lishike," alisema. "Lishike hilo tairi mpaka nifike. Utakuwa umenilipa."

Alipotokeza kwenye maegesho ya bwawa aliiona Mark Two nyeupe, imesimama safi kwenye mstari wa magari kama thelathini, na Bi Fumie amekaa juu ya ukuta mfupi anakula tonge la wali. Nobue alisimamisha gari katikati ya njia, akashuka, akaenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma kulia, alikolifunga lile tairi la nne, akapiga magoti, akaliwekea sikio.

"Mama fundi?" Haruhiko alikuja mbio na kopo la kahawa mkononi. "Vipi tena? Nimesahau kitu?"

"Hili tairi litoke. Sasa hivi. Nimekuletea la zamani, nalifunga mwenyewe, dakika kumi tu."

"Lina nini?"

"Nilisikia mlio."

"Mlio gani?"

"Wa tatu. Ulikuwa mdogo, ti, mama yako alikuwa anaongea, sikuutambua. Bwana Tsuboi, waya umekatika. Usishuke mlima na tairi hili."

Wenzake walikuwa wameanza kusogea. Mmoja wao, Kuwabara, mtu wa tumbo kubwa na miwani ya jua, akapiga mluzi. "Haruhiko, fundi wako kakufuata mpaka huku? Mkeo anajua?" Wakacheka wote. Mwingine akasema, "Labda kasahau sikio lake ndani ya tairi."

Haruhiko alicheka nao, lakini shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu. Aliinama karibu na sikio la kulia la Nobue, lile bovu, akanong'ona maneno ambayo Nobue hakuyasikia. Ikabidi ageuze kichwa, na Haruhiko ayarudie kwa sauti, mbele ya wote.

"Nimesema miaka tisa! Miaka tisa sijaja hapa. Unataka nisimame na gurudumu moja la mtoto na matatu ya mtu mzima? Nimepanda mlima wote na halijafanya kitu. Nitashuka polepole. Nikifika nitapitia kwako."

"Kupanda si shida, bwana. Kushuka ndiko kunakoua."

"Mama fundi, tafadhali. Unanitia aibu."

"Acha nikutie."

"Nenda nyumbani, mama."

Nobue alimtazama Bi Fumie pale ukutani, amebakiza punje ya wali shavuni, anatazama bila kuelewa. Kisha akaenda kwenye pikapu kana kwamba anaondoka, akachukua kisu cha kukatia mpira, akarudi. Hakukimbia. Alikichomeka ukutani mwa tairi, chini ya ukingo unaometa, akakizungusha. Upepo ulitoka kwa sauti ya mtu anayezomea, na Mark Two ikalala upande mmoja mpaka bodi ikagusa lami.

Hakuna aliyecheka. Haruhiko aliangusha kopo. "Una wazimu? Una wazimu, wewe mwanamke?" Alimshika bega, akamwachia, akashika kichwa chake mwenyewe. Simu zilikuwa zimeinuliwa zinapiga picha. Kuwabara akasema aitwe polisi. Nobue alikuwa tayari chini, anatafuta mahali pa kuingiza jeki, anasema "samahani, samahani" kila anapoipiga.

Aliyesogea kumsaidia ni Bi Fumie. Alikuja na fimbo yake, akatandaza skafu ya zambarau mapajani, akasema, "Nipe hizo nati, zisipotee. Na wewe Haruhiko acha kulia kama mbuzi. Mimi ndiye ningekuwa kiti cha mbele." Akazishika nati tano mpaka kazi ikaisha. Nobue alipochukua ya mwisho, bibi alimuuliza kwa sauti ya chini, upande wa kushoto, maana alikuwa ameshaona, "Una hakika, binti yangu?"

"Nina hakika," Nobue alisema.

Alirudi kibandani na gurudumu lile jua likiwa bado juu. Alilitoa tairi kwenye rimu, akaliweka mezani, akawasha msumeno wa chuma. Alianza na mdomo wa ndani. Alikata mpira, akauchuna kama ngozi ya samaki, nyaya zikatokeza, zinang'aa, zimelala pamoja. Alizifuata kwa kidole kuzunguka tairi zima. Zilikuwa nzima. Akazifuata tena kwa ukucha, waya mmoja mmoja. Nzima. Akaukata mdomo wa nje, ambao hakuwa na shaka nao kabisa. Mzima. Alikwenda kuwasha taa zote, akaleta kioo cha kukuzia maandishi, akazitenganisha nyaya kwa koleo mpaka meza ikawa kama kiota cha ndege wa chuma. Alitafuta kwa saa nzima. Alikuwa anatamani, alijua anatamani, kwa moyo wake wote, tairi la mtu mwingine liwe limevunjika. Hapakuwa na hata waya mmoja.

Kwa hiyo ule mlio haukuwa wa tairi. Ulikuwa wake. Ulitoka ndani ya sikio.

Daktari wa hospitali alimthibitishia Jumatano. Alimfungia kwenye chumba kidogo chenye kuta za sifongo, akamvisha vidude vya masikioni, akamwambia abonyeze kitufe kila anaposikia sauti. Nobue alibonyeza kwa uangalifu. Alipotoka daktari alimwonyesha karatasi: mara saba alibonyeza mahali ambapo hapakuwa na sauti. "Sikio linalofanya kazi peke yake huchoka," daktari alisema. "Linajitengenezea. Una hali hii tangu lini?"

Swali hilo ndilo lililomwangusha Nobue. Tangu lini? Mwaka huu? Au tangu siku sikio la kulia lilipokufa? Kama ni tangu wakati ule, basi Sadao alisema kweli, hapakuwa na kitu, na Ruriko alikufa kwa usingizi au kwa barafu au kwa lolote lile ambalo watu hufa kwalo. Na kama ni kweli, alikuwa amemwacha mume asiye na kosa akabeba maiti mgongoni kwa miaka mitatu.

Haruhiko alikuja wiki tatu baadaye, kwa gari lake la kusambazia gesi. Nyuma alikuwa na magurudumu matatu mapana. Hakuinama kusalimu.

"Yatoe," alisema.

"Nitakupa jipya badala ya lile. Tayari nimeagiza."

"Sitaki jipya. Yatoe haya. Nalala, nasikia ti. Naendesha, nasikia ti. Nilitoka na gari mara moja tu, nikasimama njiani kulishikashika tairi kama mgonjwa, watoto wangu wananitazama. Umeniambukiza, mama. Lakini mama yangu anasema umetuokoa, kwa hiyo sina la kusema. Yatoe."

Nobue aliweka spana chini. Angeweza kunyamaza. Bibi wa watu alikuwa anamshukuru kila asubuhi mbele ya picha ya marehemu mumewe, na kibanda kingepata wateja kwa sifa hiyo.

"Tairi lilikuwa zima," alisema. "Nililikata lote. Nilikosea. Sikio langu ni bovu."

"Zima?"

"Zima kabisa."

"Sasa haya mengine matatu?"

"Siku ile sikusikia kitu kwenye haya. Lakini mimi si wa kuulizwa tena."

Haruhiko alikaa kwenye ndoo, ile ile au nyingine, akaegemeza viwiko magotini. Nobue alidhani atamtukana, akajiandaa. Alichosema ni, "Bora ungenidanganya." Halafu akasema, "Yatoe tu." Nobue akayatoa, moja baada ya jingine, na Haruhiko akazibeba rimu tupu mwenyewe, hakukubali kusaidiwa. Gari alimuuzia kijana wa mji wa Ina majira ya machipuko, na yeye hakuonekana tena kwenye mikutano ya bwawani.

Nobue naye hakudumu. Alijaribu kubaki na matairi ya kawaida, ya vigari vya wakulima, lakini kila tairi lilipokaa alisikia milio mitatu, minne, akawa anayatoa na kuyafunga upya hadi wateja wanamwonea huruma, na mteja akishakuonea huruma harudi. Mashine aliiuza. Siku ya akina Shimojima ilipofika mwaka ule, hakwenda. Hakujua tena alikuwa anaombea msamaha wa nini.

Vuli iliyofuata alipata kibarua kwenye banda la kumenya matunda ya kaki, yale ya kutundikwa kwenye kamba mpaka yakauke. Wanawake kumi na wawili hukaa kwenye mistari miwili, visu vidogo mikononi, maganda ya rangi ya chungwa yanaanguka miguuni, na maneno hayakomi tangu asubuhi. Jirani yake alikuwa Michiyo, mjane kama yeye, mdomo wazi, mwepesi wa kuuliza. Siku moja, bila kupanga, Nobue alimsimulia yote. Alisimulia kuhusu Ruriko, na kuhusu asubuhi ile polisi walipoondoka, alipomgeukia mume wake jikoni na kumwambia, "Nilikuambia kuna mlio." Mara moja tu alisema, hakurudia tena maisha yake yote. Lakini alisema.

Michiyo aliacha kumenya. "Na yeye alijibu nini?"

"Hakujibu," Nobue alisema. "Aliniuliza kama maji ya kuoga yamepata moto. Nikamwambia bado."